Kuku wa Kienyeji Uwanda wa Makonde (Sehemu ya Pili): Utitiri wa Miguu na Usafi wa Banda

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia kideri na chanjo ya I-2, ile ya kudondoshea jichoni, iliyojaribiwa katika vijiji vya kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuonekana inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Leo tunashuka miguuni. Kideri kinaweza kumaliza kuku wa mji mzima ndani ya siku chache, ndiyo maana kinaogopwa. Utitiri wa miguu hauna haraka. Unamla kuku polepole, mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa hauui ghafla tumeuzoea. Mtu akiona jogoo wake ana miguu minene yenye ukoko husema, "Huyu amezeeka."

Uzee peke yake hauleti ukoko. Mkamate jogoo huyo asubuhi, umgeuzie miguu juani. Magamba ya kuku mzima yamelala moja juu ya jingine kama vigae, laini na yanang'aa kidogo. Ya mgonjwa yameinuka, na chini yake kuna unga mweupe wa kijivu ulioganda. Mara nyingi huanzia vidoleni, ukapanda hadi kwenye goti. Ukoko ukizidi unabana vidole, kuku anachechemea, anashindwa kurukia fito za kulalia, na wakati mwingine kidole hukatika chenyewe. Jogoo mwenye miguu inayouma hapandi vizuri, na mayai yasiyo na mbegu hayaanguliwi. Mwenye kuku humlaumu mtetea.

Mdudu anayefanya yote haya haonekani kwa macho. Jike lake halifiki nusu milimita, ni la mviringo, lina miguu mifupi sana. Wataalamu wanamwita mdudu huyo Knemidocoptes mutans, na alielezwa na wataalamu wa Ufaransa tangu mwaka 1859. Huchimba vijia chini ya magamba, hula ngozi ngumu iliyomo humo, na huzalia humohumo bila kutoka nje. Kutoka kuzaliwa hadi kuzaa ni kama wiki mbili au tatu. Takwimu hiyo ndogo ndiyo inayoamua tiba nzima: anayepaka dawa mara moja akaacha hajatibu. Waliojificha ndani kabisa hubaki, na baada ya mwezi ukoko umerudi palepale.

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu ugonjwa huu unasema uloweke miguu ya kuku katika ndoo ya maji ya uvuguvugu. Kwa Chilangala au Kitangari ushauri huo una walakini. Huku maji yanasukumwa kutoka bondeni, na bomba likinyamaza ndoo moja ina bei yake. Hakuna haja ya ndoo. Chukua kopo la lita moja, maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni ya kufulia na mswaki wa zamani. Mtu mmoja amshike kuku kwapani, mwingine amtumbukize mguu mmoja kwa dakika tano, kisha mwingine. Ukoko ukishalainika sugua taratibu kuelekea vidoleni, ule unaotoka wenyewe utoke. Usioachia uache. Kuubandua kwa kucha kunachubua ngozi, damu inatoka, na hapo unafungua mlango wa vidonda na uvimbe wa nyayo. Maji hayohayo yanatosha kuku wengine wawili watatu, ukianza na mwenye hali nafuu na kumaliza na aliyezidiwa.

Baada ya kukausha, paka mafuta. Utitiri unavuta hewa, na mafuta mazito yakiziba vijia vyake unakosa pumzi. Mafuta ya mgando ya dukani yanafaa, ya nazi yanafaa, na ya ufuta, ambao Masasi na Newala tunaulima kwa magunia, yanafaa pia, ila kwa kuwa ni mepesi yanataka kupakwa mara nyingi zaidi.

Lakini sisi wa ukanda wa korosho tuna kitu ambacho mfugaji wa mahali pengine hulazimika kukitafuta: salfa. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, tunapuliza unga huo wa manjano kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na nyumba nyingi zina mabaki pembeni ya ghala. Salfa imekuwa dawa ya utitiri wa ngozi, kwa binadamu na kwa mifugo, kwa karne nyingi. Changanya kijiko kimoja cha chai cha salfa na vijiko kumi vya mafuta ya mgando, ukoroge hadi rangi ilingane, upake mguu mzima na katikati ya vidole. Rudia mara moja kila wiki kwa wiki nne, na katikati ya wiki paka mafuta matupu. Nawa mikono, usijiguse macho. Na hapa naomba umakini: si kila dawa ya mikorosho ni salfa. Zile za maji zinazopimwa kwa kifuniko ni sumu za aina nyingine kabisa, na kuzipaka kuku ni kumuua. Soma mfuko. Kama lebo imechanika na hujui kilichomo, tumia mafuta peke yake.

Mafuta ya taa na oili chafu ya pikipiki ndiyo tiba zinazosifiwa sana vijiweni, na mimi nazipinga zote mbili. Mafuta ya taa huua utitiri, ni kweli, lakini huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na yakipanda hadi kwenye manyoya yanababua mapaja. Oili iliyotumika ina mabaki ya madini mazito kutoka kwenye injini, na kuku huyo utamla wewe na wanao.

Wengine hununua sindano ya ivermectin ya ng'ombe. Inafanya kazi, ila kipimo chake ni miligramu 0.2 kwa kilo moja ya uzito. Katika chupa ya asilimia moja, kuku wa kilo moja na nusu anastahili mililita 0.03, kiasi ambacho sirinji ya kawaida haiwezi kupima. Anayekisia huzidisha mara kumi bila kujua. Tena dawa huingia kwenye mayai na nyama. Mwachie ofisa mifugo kazi hiyo, naye akwambie ni siku ngapi usile mayai.

Sasa banda. Utitiri wa miguu huishi zaidi mwilini mwa kuku kuliko ukutani, lakini magamba yanayodondoka kwenye fito huuhamishia kwa kuku anayelala jirani. Na humo bandani wapo wengine wabaya zaidi: utitiri mwekundu unaonyonya damu usiku na kurudi mafichoni alfajiri, na kupe wa kuku. Hawa wote wanaweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu kwa wiki mbili hakusaidii kitu. Ukitaka kuwajua, nenda usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Kikirudi na madoa mekundu, unao.

Mabanda yetu mengi ni ya mianzi, na mwanzi uliokatwa una tundu kila mwisho. Nimepasua ufito mmoja mkuukuu nikakuta ndani yake wamejaa hadi kwenye pingili. Maji ya sabuni hayafiki humo. Moto unafika. Siku ya jua toa kila kitu nje, kwangua mavi upeleke shambani, choma nyasi za viota, kisha pitisha kila ufito juu ya miali, taratibu, hadi uone mvuke ukitoka kwenye tundu. Ziba ncha kwa udongo wa mfinyanzi. Ukuta wa udongo uzibe nyufa, upake chokaa. Rudia baada ya siku saba, kwa sababu wakati wa joto mayai ya utitiri mwekundu hufikia ukubwa ndani ya wiki moja tu. Wawekee kuku majivu makavu mahali pasiponyesha waoge. Majivu hayatibu miguu, lakini hupunguza chawa na utitiri wa manyoya.

Kwa wanaolaza kuku jikoni kwa kuogopa wezi na vicheche, utitiri wa miguu haumpati binadamu. Ule mwekundu unamng'ata, na watoto wanaojikuna usiku huenda wanalala karibu mno na tenga.

Msimu wa unyago na jando unakuja, kuku watahama kutoka mji hadi mji wakiwa zawadi. Kabla hujamfungua kamba kuku mgeni, mgeuze miguu juani. Ukiona gamba moja limeinuka, mtenge wiki nne na umpake. Magamba mapya huchukua miezi kadhaa kuota, hivyo usikate tamaa mguu ukichelewa kupendeza. Sehemu ya tatu itahusu viroboto wanaoganda usoni mwa vifaranga.