Dawa ya usingizi haitibu upweke

“Daktari, silali.” Ndivyo alivyoanza mwanamume wa miaka 34. Presha ilikuwa sawa, sukari sawa. Nikamwandikia vidonge. Aliporudi mara ya tatu ndipo nilipomuuliza nilichopaswa kuanza nacho: unaishi na nani? Alikaa kimya sana. Kisha akasema anapenda wanaume, na tangu nyumbani wajue hana wa kuzungumza naye.

Kuvutiwa na jinsia yako si maradhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaondoa hayo katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Kinachomchosha mtu ni kujificha. Mtafiti Ilan Meyer wa Marekani alieleza mwaka 2003 kwamba kubaguliwa, kutarajia kukataliwa na kujificha kila siku huongeza mzigo juu ya shida za kawaida za maisha, na ndiyo sababu huzuni nzito na wasiwasi huwapata watu hawa zaidi. Alitaja kinga pia: kuwa na wenzako, watu ambao mbele yao huchuji maneno.

Kenya, ambako sheria ingali inaharamisha ngono ya jinsia moja, wenzako hawapatikani kwa urahisi. Mgonjwa wangu alianza na dada yake, kwa simu. Halafu mshauri nasaha, halafu marafiki wachache wanaopika pamoja Jumapili. Kuna usiku bado halali, ila sasa ana wa kumpigia.

Siri yako kwa daktari inalindwa. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.