Wanawake wa Usangi Hawajachorwa

Mpwa wangu wa darasa la tano, hapa Same mjini, ana daftari lake la katuni. Steringi wake wote wanaruka kutoka ghorofani. Hapa kwetu ghorofa ni za kuhesabu, lakini Milima ya Pare imejaa dirishani. Nilimuuliza mbona haichori. "Anko, katuni za mapigano haziko hivyo," akanijibu.

Jioni tukatazama Kizazi Moto kwenye simu yangu. Ni filamu fupi 10 za katuni zilizotoka Disney+ Julai 2023, kazi ya watu wa Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Jina ni la Kiswahili, Tanzania haimo. Hilo liliniuma. Mwezi huohuo Netflix ilitoa katuni ya Supa Team 4 ya Mzambia Malenga Mulendema, wasichana wanne wa Lusaka wanaookoa mji wao. Kumbe inawezekana.

Kwenye Kizazi Moto, tulipofika "Herderboy" ya Mganda Raymond Malinga, mtoto alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Anayepigana pale ni mchunga ng'ombe. Kuchunga anakujua, likizo hupelekwa kwa babu yake. Sasa hakuwa akimshangaa shujaa tu, alikuwa akimkosoa namna anavyoshika fimbo.

Hapo ndipo ninaposimama. Kumpaka steringi rangi nyeusi ni mwanzo mzuri, ila mtoto hujiona kikamilifu anapoijua fimbo, njia na sababu ya ugomvi. Na sababu tunazo. Ugweno, kwenye milima hiihii ya Pare, kuna simulizi ya Washana, wahunzi waliotawala kwa nguvu ya chuma hadi Wasuya walipowapindua: njama, siri na moto wa kiwanda cha mhunzi. Kuna pia Mbiru, mgomo wa kodi wakati wa ukoloni, ambao Profesa Isaria Kimambo aliuandikia kitabu mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1940 Wapare waliikataa kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wanaume kwa maelfu walipiga kambi hapahapa Same, mashamba yakabaki nyuma. Mwishowe wanawake wa Usangi nao wakateremka kutoka milimani kwa miguu, mamia yao, kumfuata bwana DC shauri liishe na waume zao warudi nyumbani. Kodi ile baadaye ilifutwa.

Nipeni mchoraji na msafara ule wa wanawake, nami sihitaji zimwi wala roboti.

Nilimsimulia mpwa wangu. Hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Walivaa nini?" Mimi sikujua. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, akajibu bila kuinua kichwa: mama yake alimwambia kaniki, na wengine walibeba watoto mgongoni.

Kijana akachukua kifutio. Ghorofa ikaondoka, ukaja mteremko. Alipomaliza mama wa kwanza alikwama kwenye mtoto wa mgongoni, akamwita bibi amwonyeshe nguo inafungwaje.