Mtoto Anaposafiri na Timu: Urafiki wa Safari na Afya Yake

Popote ulipo, iwe ni Kayole, Dandora, Umoja, Huruma, Jericho au Buruburu, vuta kiti ukae nasi. Ukiwa na kalamu na karatasi ni vizuri zaidi, kwa sababu leo kuna mambo ya kuandika.

Leo tunazungumzia safari. Sina maana ya safari ya kwenda ushago wakati wa Krismasi. Nazungumzia safari ya timu: mtoto wako amechaguliwa, kocha ameleta barua, na basi litaondoka Ijumaa alfajiri kwenda Kisumu, Kakamega au Mombasa kwa mashindano. Mtoto halali kwa furaha. Wewe nawe hulali kwa mawazo. Je, umruhusu aende?

Kwanza tuelewe safari hii inampa nini. Wako watu wazima hapa Nairobi wanaocheza gofu kwa kupenda tu, bila kulipwa. Wakipata nafasi huteremka pamoja hadi Nyali, Mombasa, wakacheza siku mbili tatu. Wakirudi, habari nyingi wanazosimulia si za nani alishinda. Husimulia vicheko vya njiani, chakula walichokula pamoja, na mwenzao aliyepoteza mipira yote akafarijiwa na wengine. Mama wa chama aliyesafiri na wenzake, au mwanakwaya aliyekwenda kuimba mbali, atakuambia hayo hayo. Safari ya pamoja huwafanya watu wanaofahamiana wawe marafiki.

Kwa mtoto, jambo hili lina uzito zaidi. Hapa Eastlands tuna mfano tunaojivunia. Mwaka 1987 huko Mathare kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Timu zake hazikupata alama kwa kufunga mabao tu, bali pia kwa kusafisha taka katika mitaa. Kuanzia mwaka 1990 vijana wake walianza kusafiri hadi Oslo, Norway, kucheza katika mashindano makubwa ya vijana yanayoitwa Norway Cup. Huko timu hulala katika madarasa ya shule, wachezaji wengi chumba kimoja. Fikiria mtoto wa Mathare akiwa mbali na mama yake kiasi hicho. Anayemwuliza kama amekula, anayemwamsha asubuhi, anayemfariji wakifungwa, ni mwenzake wa timu.

Urafiki wa namna hii ni sehemu ya afya. Kijana mwenye marafiki wema ana mtu wa kumweleza shida zake, na huzuni haimlemei peke yake. Lakini, mama, urafiki huo huo unaweza pia kubeba madhara. Watoto watakunywa kutoka chupa moja, watapashana taulo moja, watachochewana kuogelea ziwani, na watafichiana siri ambazo hazifai kufichwa. Kwa hiyo kazi yetu ni kuutumia urafiki huo umlinde mtoto.

Njia ya kwanza ni rahisi na haina gharama. Mwombe kocha awapange watoto wawili wawili kabla ya safari, kila mmoja awe na mwenzi. Kazi za mwenzi ni nne. Aone kama mwenzake amekunywa maji. Aone kama amekula. Aone kama amelala ndani ya neti. Na akiona mwenzake si wa kawaida, amwambie mtu mzima mara moja. Mtoto anaweza kumficha kocha kwamba anaumwa, kwa kuogopa kutolewa kikosini. Mwenzake anayelala kando yake ni vigumu kumficha.

Waambie watoto hivi pia: mchezaji akigongwa kichwa, kisha akawa hajui anakochezea, akatapika, au akalalamika kuumwa sana na kichwa, asirudi uwanjani siku hiyo hata kama timu inafungwa. Apelekwe hospitali. Mwenzi anayesema, "Kocha, huyu hayuko sawa," hajamsaliti rafiki yake. Huenda ameokoa maisha yake.

Sasa tuje kwa jambo ninalotaka ulisikie vizuri kuliko yote leo, nalo ni malaria.

Hapa Nairobi malaria ni kidogo sana. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa hapa mwili wake haujazoea ugonjwa huo. Eneo la Ziwa Victoria na magharibi ya Kenya lina malaria nyingi, na Pwani pia ipo. Mtoto wa Umoja akienda Kisumu akaumwa na mbu mwenye vimelea, anaweza kuugua vibaya kuliko mtoto wa huko ambaye ameshapata kinga kiasi. Tena haugui siku hiyo hiyo. Kwa kawaida dalili huanza kama siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake ni kwamba timu itakuwa imerudi, kombe limeshapigwa picha, na mtoto yuko darasani. Homa ikianza, mama anadhani ni mafua ya baridi ya Nairobi. Ananunua dawa ya kupunguza homa dukani. Homa inashuka, inapanda tena, na siku zinapotea.

Kwa hiyo andika hapa: mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukifika, sema maneno haya kabla hujaulizwa: "Mtoto huyu alikuwa Kisumu wiki mbili zilizopita." Sentensi hiyo moja itamfanya mhudumu apime malaria. Usinunue dawa ya malaria bila kupima. Akipatikana nayo, dawa inayotumika sana hapa Kenya humezwa kwa siku tatu, pamoja na chakula. Aimalize yote hata akijisikia nafuu siku ya pili. Na ukiona hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, analegea au haeleweki anachosema, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura.

Tena usiishie kwa mtoto wako. Pigia simu wazazi wa wenzake. Watoto hao walilala chumba kimoja, na mbu wa chumba hicho hakuchagua. Hapa ndipo urafiki wa timu unapowafaa hata wazazi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya safari, uliza kocha kama mahali pa kulala pana neti. Kama hapana, kila mtoto abebe yake. Jioni wavae mikono mirefu na suruali ndefu. Wiki moja au mbili kabla ya kuondoka, uliza pia katika kituo cha afya kama mtoto wako anahitaji dawa ya kujikinga na malaria. Kuna dawa za namna hiyo, lakini hutolewa kwa ushauri wa mhudumu wa afya, si kwa kuambiwa na jirani.

Jambo la pili ni maji. Mombasa na Kisumu kuna joto kuliko hapa kwetu. Mtoto anayekimbia juani hupoteza maji mengi kwa jasho. Asingoje kiu, anywe kidogo kidogo kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na baadaye. Mkojo wa rangi nzito ni dalili kwamba maji hayatoshi. Akiona kizunguzungu au misuli ikimkaza, atoke juani, akae kivulini na anywe maji. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, apozwe mwili kwa maji huku akikimbizwa hospitali.

Kila mtoto awe na chupa yake yenye alama yake. Kushiriki chupa huonekana kama upendo, lakini ndiyo njia ya kupitisha mafua na magonjwa mengine kabla ya fainali. Taulo moja kwa watoto watano hupitisha upele na choa. Mfundishe mtoto namna nyingine za kuonyesha upendo: amgawie mwenzake chungwa zima, ambebee begi, amshangilie akiwa benchi.

Wakiharisha, wapewe maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki kama mhudumu atakavyoelekeza. Mwambie kocha abebe pakiti kadhaa za ORS. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pima kwa makini, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru.

Na ziwa? Watoto wa Nairobi wakiona Ziwa Victoria wanataka kuruka ndani. Mmoja akiingia, wote wanamfuata. Ukiacha hatari ya kuzama, kuna kichocho. Wadudu wadogo wanaotoka kwa konokono wa majini huingia mwilini kupitia ngozi. Wiki au miezi baadaye mtoto anaweza kukojoa damu au kupata damu kwenye choo. Ana dawa ya kumponya, lakini ni lazima mhudumu ajue kwamba aliingia ziwani. Kwa hiyo mwambie mtoto wako: ukiingia, hutapigwa, lakini niambie.

Mama mmoja aliniuliza swali ambalo najua wengi wanalo moyoni. Mwanawe wa kiume ana miaka 14 na anameza ARV kila siku. Amechaguliwa katika timu. Mama anataka kumkatalia, kwa sababu watoto wenzake watamwona akimeza dawa chumbani.

Mama, mwache aende. Mtoto anayemeza dawa zake vizuri anaweza kukimbia, kucheza na kusafiri kama wenzake. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kulala chumba kimoja, kuvaa jezi moja au kukumbatiana baada ya bao. Kumnyima safari ni kumfundisha kwamba yeye ni tofauti, na kijana anayejiona hivyo ndiye anayechoka na dawa. Fanyeni hivi. Kaeni naye mpange saa ya dawa na mahali pa kumezea. Abebe dawa za siku zote za safari na za siku mbili tatu zaidi, kwa sababu basi linaweza kuharibika. Azibebe katika begi la mkononi, si lile linalofungwa juu ya basi. Amueni pamoja kama kuna mtu mzima mmoja wa kuambiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya UKIMWI inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini. Mtu mzima huyo aambiwe hilo waziwazi.

Kwa mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu ni tofauti kidogo. Hapo ni vizuri kocha na mwenzi wake wajue, kwa sababu akizidiwa wao ndio watakaomsaidia. Pampu ya pumu iwe mfukoni au kando ya uwanja, si hotelini.

Kwa wasichana, weka sodo katika begi hata kama hajaanza hedhi au siku zake bado. Aweke za ziada za kumpa mwenzake. Msichana aliyewahi kusaidiwa na rafiki siku ya namna hiyo, mbali na nyumbani, hamsahau. Na usikubali wasichana wasafiri bila mwanamke mtu mzima anayewajibika.

Mwisho, tuzungumze juu ya siri. Timu huwa na siri zake: nani alikoroma, nani alilia baada ya kukosa penalti. Hizo ziache zibaki za kwao. Lakini mweleze mtoto wako, msichana au mvulana, kwamba mtu mzima au mwenzake akimgusa vibaya, akimwita chumbani peke yake, au akimtisha, hiyo si siri ya timu. Aseme. Na akiona inamtokea mwenzake, aseme pia. Namba 116 ni ya kusaidia watoto hapa Kenya, na kupiga ni bure. Mtoto akinajisiwa, apelekwe hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kwisha, bila kuoga na bila kufua nguo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ndani ya muda huo tu, na kadiri anavyowahi ndivyo bora.

Msikilizaji, turudie kwa ufupi. Mtoto awe na mwenzi. Alale ndani ya neti. Awe na chupa na taulo yake. Dawa zake ziwe karibu naye. Ajue siri ipi si ya kuficha. Na homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari ni ya kupimwa malaria.

Basi likirudi usiku, usimwulize kwanza kama walishinda. Mwulize alilala karibu na nani, walicheka nini, nani aliugua. Katika majibu yake utajua afya yake, na utajua pia kama amepata rafiki.

Mwenye swali alipeleke kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake au katika kituo cha afya kilicho karibu.