Je, Wajua? Kuna Ndege Inayoruka Dakika Mbili Tu

Kaskazini mwa Scotland, katika visiwa vya Orkney, kuna safari ya ndege inayokwisha abiria hajakaa hata vizuri. Ni ya kutoka kisiwa cha Westray hadi Papa Westray: kilomita 2.7 tu. Njia moja ya kurukia ndege pale Heathrow, London, ina takriban kilomita 3.9, yaani ni ndefu kuliko safari yenyewe! Ratiba huandika dakika mbili. Upepo ukisukuma kwa nyuma, hata dakika moja huenda isifike. Rekodi ni sekunde 53.

Shirika la Loganair limeihudumia njia hii tangu 1967, kwa ndege ndogo aina ya Islander yenye injini mbili na viti vinane vya abiria. Rubani huwa peke yake, hivyo abiria mmoja huweza kuketi ubavuni mwake. Chai ya angani? Sahau.

Wapo watalii wanaopanda kwa kujifurahisha, lakini kwa wakazi wa Papa Westray, wasiofika hata mia moja, hiki ndicho chombo cha kuwaletea walimu na wauguzi. Wanaakiolojia nao huja kuiona Knap of Howar, nyumba za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000.