Wimbo wa Familia Uokoao Mtoto



Tarehe 22 Novemba tunamkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa muziki. Hapa kwetu Mtwara ndio wakati ambao mvua hukaribia, uchafu huingia visimani, na watoto wengi huanza kuharisha. Kwa nini basi familia isitumie simu ya nyumbani kutengeneza video ya wimbo unaofundisha kumwokoa mtoto?

Mtoto anayeharisha huuawa na upungufu wa maji mwilini. Dawa ya kwanza ni pakiti ya chumvichumvi kutoka zahanati, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti isipopatikana, kipimo cha nyumbani ni hiki: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote visawazishwe. Kipimo hiki ndicho kiwe kiitikio cha wimbo.

Gharama ni ndogo. Ngoma ya jirani, ndoo na makofi vyatosha. Mdundo wa sindimba kila mtoto wa Kimakonde anaujua. Baba aanzishe, wengine waitikie. Sauti irekodiwe chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu upepo wa pwani huziba maneno. Kisha pigeni picha uani asubuhi, jua likiwa nyuma ya mpiga picha, na simu imeegemezwa juu ya kigoda isitikisike. Wimbo wa dakika 2 unatosha.

Hapa pana jambo kubwa. Mwimbaji akikosea sauti, watu watacheka. Akikosea chumvi, mtoto wa mwenzake ataumia, maana chumvi ikizidi huleta madhara makubwa, hata degedege. Sukari ikizidi, kuharisha huongezeka. Kwa hiyo kamera isogezwe karibu, mtazamaji aone kijiko kikisawazishwa kwa kisu. Kabla ya kusambaza, mwonyesheni mhudumu wa zahanati.

Wenzetu wa Msimbati na vijiji vya karibu na mdomo wa mto Ruvuma wakumbuke pia kwamba kisima kilicho karibu na bahari huweza kuwa na maji ya chumvi. Maji hayo yasitumike katika mchanganyiko huu. Wala msiende kupiga picha ukingoni mwa Ruvuma na watoto: mamba na viboko wapo. Tena msimpige picha mtoto mgonjwa. Mtoto mzima aigize, au mwanasesere.

Kule Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama mchanganyiko wa namna hii. Hawakuridhika na kusikilizwa tu. Walirudi wakawaomba akina mama wachanganye wenyewe, wakapima. Nasi tufanye vivyo hivyo. Baada ya kuonyesha video katika jumuiya ndogo ndogo, mwekeeni mama mmoja, au baba, chupa, sukari, chumvi na kijiko, achanganye mbele ya wote. Akipatia, wimbo umefanya kazi. Akikosea, wimbo urekebishwe.

Mistari ya mwisho iwe ya tahadhari. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Anyweshwe kidogo kidogo kila mara, na mchanganyiko uliobaki umwagwe baada ya saa 24. Akilegea, macho yakizama, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akitoa choo chenye damu, apelekwe zahanati au hospitali mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 6 apelekwe mapema, huku akinyonyeshwa njiani.

Wazee wetu walituachia mafundisho katika ngoma. Sisi tuna ngoma hiyo hiyo na simu mfukoni. Imbeni, akina baba na akina mama, lakini kwanza pimeni chumvi.