Pembe Isiyo Pembe

Juzi, mtaani Kaloleni, mwanafunzi wangu alinionyesha kibweta alichorithi kwa nyanya yake, kilichonakshiwa msalaba na Bikira Maria akimpakata Mwanawe. "Mwalimu, hii ni pembe ya ndovu?"

Nilikichunguza. Ubavuni mlikuwa na vitundu vidogo vyeusi, dalili ya mfupa. Kifuniko kilikuwa na mistari iliyopishana, dalili ya pembe.

Lugha yetu imetufumba macho. Hiyo tuiitayo pembe kwa hakika ni jino, na mzizi wake umezama fuvuni. Jangili hulipata zima kwa kumwua ndovu. Ndiyo sababu Kenya ilichoma tani 12 mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016. Sheria ya mwaka 2013 nayo yakataza kuimiliki bila kibali, hata iwe na msalaba.

Kijana alihuzunika. Nilimshauri akiwasilishe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Msalaba wa nyanya waweza kuchongwa upya kwa mfupa wa ng'ombe.

Walimu wenzangu, tufundishapo neno "pembe", tusisahau kusema kwamba ni jino, nalo lilikuwa na mwenyewe.