Nani Anayemwibia Msomi Umakini Wake?

Jumamosi moja alasiri mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alinijia nyumbani, hapa mtaani Migosi, mjini Kisumu, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Nilidhani ameniletea sura ya tatu ya tasnifu yake. Kumbe ilikuwa barua ya kuacha masomo.

"Mwalimu," aliniambia, "akili yangu haitulii tena. Nasoma ukurasa mzima, kisha sijui nimesoma nini."

Wapo watakaosema upesi kwamba huo ni uvivu. Bwana huyu ni mwalimu wa shule ya upili mwenye vipindi 27 kwa juma, baba wa watoto watatu, tena ndiye mweka hazina wa ukoo. Nilichukua kalamu, tukahesabu pamoja saa za siku yake. Huondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hurejea magharibi, husahihisha madaftari, na hufungua kitabu saa tatu usiku. Simu nayo hailali: mara chama, mara kamati ya mazishi, mara mzazi wa mwanafunzi. Jumamosi ni ya matanga, na kwetu huku kanda ya Ziwa asiyefika matangani hujiuliza nani atafika kwake. Kati ya saa tatu na saa tano za usiku tulipata dakika 40 alizoweza kuziita zake, iwapo stima haikupotea.

Neno uzamifu, tulitumialo kwa shahada ya udaktari, limetokana na kuzama. Sijapata kuona mtu azamaye huku akiitwa juu kila dakika.

Hata wenye vipaji adimu yamewafika. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1964 kusomea shahada ya pili, utafiti wake ukihusu fasihi ya visiwa vya Karibi. Tasnifu hakuimaliza. Alikuwa akiandika riwaya, na A Grain of Wheat ikachapishwa mwaka 1967. Hakuna anayemlaumu leo, lakini si kila aachaye tasnifu ana riwaya mkobani. Mwanafunzi wangu ana mkopo wa chama cha akiba aliouchukua kulipia karo, na mkopo huo hautaacha masomo pamoja naye.

Mzigo uliongezeka mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa kanuni za kuwataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu. Wengi waliokuwa na uzamili walirudi kuwa wanafunzi huku wangali wakifundisha. Idarani kwetu wasimamizi tulibaki wale wale.

Na hapa sina budi kukiri. Sura ya pili ya bwana huyu ilikaa mezani pangu miezi minne, imefunikwa na karatasi za mitihani ya shahada ya kwanza. Nilipomrudishia, alikuwa amekwisha kuisahau hoja aliyokusudia kuitetea, ikambidi aanze kusoma upya. Ni rahisi kuilaumu simu yake.

Kwa maoni yangu, kila idara iweke kikomo: sura ikiletwa, ijibiwe kwa maandishi katika majuma matatu, na msimamizi asiyejibu aulizwe na mkuu wake. Na mwajiri ajivuniaye walimu wasomi awaachie walau alasiri mbili kwa juma. Kuzima simu ni juu ya mwanafunzi mwenyewe, nami naamini atamudu akijua kwamba saa anazozilinda hazitaozea mezani kwa mtu mwingine.

Sikuifungua bahasha. Tulikunywa chai, nikamwahidi kwamba sura ya tatu nitaijibu katika siku 21, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi. Kisha akaondoka haraka kuwahi mkutano wa mazishi huko Kondele. Barua yake aliiacha. Ingali mezani pangu, na sura ya tatu bado sijaiona.